Tusiulize Chapa, Tuulize Nani Ataifungua

Kila Septemba, Barabara ya Ngong hupitisha vyombo ambavyo Nairobi haivioni miezi mingine. Hutoka Parklands, Westlands na Kilimani, hupita kando ya mtaa wetu wa Jamhuri na Dagoretti Corner, kisha huingia Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong kwa Africa Concours d'Elegance, mashindano ya umaridadi wa magari na pikipiki yaliyoanzishwa mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Waamuzi huinama na kuchungulia chini ya injini. Wenye vyombo huzunguka na vitambaa mkononi, wakifuta vumbi ambalo mtazamaji wa kawaida halioni.

Kwa mpenzi wa pikipiki, hapo ndipo mjadala unaponoga. Mwenye Triumph huulizwa: kama Bonneville ya zamani haipatikani, au inapatikana kwa bei ya kiwanja, utapanda nini? Mmoja atasema BSA, kwa kuwa ni ya enzi ileile na mlio wake unakaribiana. Mwingine atasema Norton, na hatakubali kushuka chini ya hapo. Wa tatu atataja Royal Enfield Interceptor ya cc 650 iliyotoka mwaka 2018, yenye sura ya miaka ya 1960 na injini isiyoacha doa la oili sakafuni. Kijana aliyekuja na Triumph Speed 400 atasema yeye hahitaji mbadala wowote, maana jina lenyewe analo tangini, jipya, tena kwa bei ambayo mshahara unaweza kuifikia. Ninaupenda mjadala huu. Nimeusikiliza miaka mingi na bado haujanichosha. Lakini kuna pikipiki moja isiyotajwa kamwe hapo ndani, ilhali nyingi zake zimeegeshwa nje ya lango zikisubiri abiria.

Bajaj Boxer, nduthi ya boda ambayo wapenzi wengi wa pikipiki huiona kama kelele za barabarani tu, inastahili kuingizwa katika mjadala huo, na iwekwe mbele. Silisemi hili kwa kuwahurumia wanyonge. Nalisema kwa sababu kile kilichozifanya pikipiki za kale zipendwe hata zikatunzwa miaka sitini, Boxer inacho, na pikipiki nyingi zinazoletwa kwetu kwa jina la usasa hazina.

Tuanze na nasaba, maana wapenzi wa chapa hawachoki kuzungumza nasaba. Norton ilinunuliwa Aprili 2020 na TVS ya India kwa pauni milioni 16. TVS ndiye muundaji wa HLX, mpinzani mkubwa wa Boxer katika steji za boda kuanzia Kawangware hadi Kisumu. BSA ilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni iliyo chini ya Mahindra, na Gold Star mpya inaundwa India. Royal Enfield ilianza kuunda pikipiki mjini Redditch, Uingereza, mwaka 1901. Mwaka 1955 India nayo ikaanza kuziunganisha huko Madras, na viwanda vya Uingereza vilipofunga milango, kile cha Madras hakikusimama, na ndicho kilicholibeba jina hadi leo. Na Speed 400 ya yule kijana? Inaundwa Chakan, karibu na Pune, na Bajaj. Naam, Bajaj huyuhuyu wa Boxer. Hata zile KTM za rangi ya chungwa zinazopendwa na waruka vilima vya motokrosi, mchezo ambao Jamhuri Park imeuandaa kwa miaka mingi, zina mkono wake. Bajaj ilianza kununua hisa za KTM mwaka 2007, na kampuni hiyo ya Austria ilipoelemewa na madeni mwishoni mwa 2024, ni fedha za Bajaj zilizoinusuru mwaka uliofuata.

Kwa hiyo anayesimama ndani ya uwanja akilinganisha Triumph, Norton, BSA na Enfield anazungumzia majina yanayoishi leo, kwa sehemu kubwa, kwa jasho la India, na baadhi ya viwanda vyake ndivyo vinavyomlisha mwanaboda wa nje. Pikipiki ndogo zinazouzwa kwa mamilioni Afrika na Asia ndizo zinazozipa kampuni kama TVS na Bajaj nguvu ya kununua majina makubwa ya Ulaya na kuyafufua.

Wapo watakaosema kununua jina si kurithi damu. Vema, tuifuate damu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilibuni pikipiki ndogo nyepesi iliyoitwa RT 125. Ujerumani iliposhindwa, michoro yake ikagawanywa kama fidia ya vita. BSA wakaitumia kuunda Bantam, iliyotoka mwaka 1948 na kuwa pikipiki ya kwanza ya Waingereza wengi. Harley-Davidson wakaunda ya kwao, Wasovieti ya kwao. Huko Japani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinanda ikaingia katika biashara ya pikipiki mwaka 1955 kwa YA-1, iliyofuata muundo uleule. Kampuni hiyo ni Yamaha. Bantam ya Mwingereza anayejivunia Uingereza wake, na Yamaha ya kwanza ya Mjapani, baba yao ni mmoja, na ni Mjerumani.

Ukoo wa Boxer wenyewe una mambo. Miaka ya 1960 Kawasaki iliimeza Meguro, kampuni iliyokuwa ikiunda pikipiki kubwa kwa kufuata BSA A7, na kutokana na urithi huo ikazaliwa Kawasaki W1 ya mwaka 1966. Kawasaki ndiye aliyekuja kushirikiana na Bajaj kuanzia miaka ya 1980, na Boxer zilipotoka mwaka 1997 zilibeba majina ya wote wawili. Sidai kwamba ndani ya injini ya Boxer mna chuma cha BSA, hamna. Ninachodai ni kwamba ufundi wa pikipiki umepita mkono kwa mkono, nchi kwa nchi, na hakuna chapa iliyozaliwa peke yake. Anayemkataa mwenye Boxer kwa sababu ya ukoo anamkataa binamu.

Sasa swali gumu zaidi: zile za kale tulizipendea nini hasa? Mlio, ndiyo. Umbo, ndiyo, tangi la Bonneville ya 1959 ni kati ya maumbo mazuri zaidi kuwahi kufanyizwa kwa bati. Lakini vyombo vingi vizuri vya enzi hiyo vimeoza vichakani na hakuna aliyevililia. Pikipiki zilibaki kwa sababu mwenyewe angeweza kuzifungua. Mtu mwenye spana chache, subira na gazeti kuukuu la kutandaza sakafuni angeng'oa silinda, abadilishe ringi, asafishe kabureta, na jioni apige kiki iwake.

Ushahidi wangu ni Ted Simon, mwandishi wa Uingereza aliyeondoka London Oktoba 1973 kuizunguka dunia kwa Triumph Tiger 100 ya cc 500. Alishuka kupitia Misri, Sudan na Ethiopia hadi Kenya, akaendelea kusini, na hakurudi kwao hadi mwaka 1977. Kiwanda cha Triumph wakati ule kilikuwa mahututi, na pikipiki yake ilimsumbua. Injini ilibidi ifunguliwe njiani, mbali na duka lolote lenye jina la Triumph. Safari haikufa kwa sababu chombo kilikubali kufunguliwa na yeyote mwenye akili ya kazi. Mwaka 2001, akiwa anakaribia miaka sabini, Simon alirudia safari ile. Safari hii hakuchukua Triumph. Alichagua BMW R80 GS, pikipiki ya Kijerumani ya silinda mbili zilizotokeza ubavuni, inayopozwa kwa hewa, yenye kabureta, na ambayo wakati huo ilikuwa imeshapitwa na mpya zaidi zenye kompyuta. Alivunjika mguu hapa Kenya, akapona, akaendelea. Nauona uchaguzi ule kuwa jibu kamili kwa swali linaloulizwa kila Septemba pale Ngong. Mtu aliyeipenda Triumph kuliko wengi wetu hakutafuta pacha wake wa sura. Alitafuta pikipiki yenye tabia ileile: inayofunguka.

Hapa Nairobi tabia hiyo ina masharti yake. BSA au Triumph ya miaka ya 1950 inafunguka, lakini si kwa spana zilizo katika boksi la fundi wako. Nati zake ni za kipimo cha Whitworth na vipimo vingine vya kale vya Uingereza, na ukilazimisha spana ya milimita utaila nati mpaka iwe mviringo. Gasketi na ringi huagizwa Uingereza, ambako kwa bahati njema bado wako wanaozitengeneza, zije kwa ndege, zilipiwe ushuru, usubiri. Kwa mwenye nacho, huo ni utamu wa Jumamosi. Kwa mtu anayetaka kufika kazini Upper Hill Jumatatu, si mbadala wa chochote.

Pikipiki iliyobadilisha hesabu hii kwa watu wa kawaida ni moja ambayo haisimami kwenye maonyesho, nayo ni Honda CG125. Katikati ya miaka ya 1970 Honda iliwatuma wahandisi wake katika nchi ambako pikipiki zake zilikuwa zikifa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Waliona kile ambacho sisi tunakijua: mtu anabeba kuliko kiasi, habadilishi oili kwa wakati, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, na fundi ana nyundo na spana mbili. Wangeweza kurudi Japani na kuandika kitabu cha kuwaonya wateja. Badala yake walibadilisha injini. Ile cheni ndogo ya ndani inayozungusha kemshafti, ambayo hulegea na kuharibu injini ikikosa oili safi, wakaiondoa na kurudisha vijiti vya kusukuma valvu, teknolojia ya zamani kuliko ya pikipiki zao nyingine za wakati huo. Cheni ya nyuma wakaifunika isile mchanga. Ni mara chache sana kiwanda kikubwa kimekubali kurudi nyuma kiufundi kwa heshima ya mtumiaji. Wachina waliiga injini hiyo bila kuchoka, na Skygo, Haojin na majina mengine mengi yaliyofurika Kenya baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000 yalikuja na injini za ukoo huo.

Kisha Boxer ikaja na kuwapiku. Muundo wake ni wa watu wasiotaka makuu: silinda moja inayopozwa na hewa, kabureta, gia nne, kiki na stata, springi za nyuma zinazovumilia magunia mawili ya viazi na mtu juu yake. Ile ya BM150 haifiki hata cc 150 kamili. Haina kompyuta ya kukuzuia. Lakini uzuri wake mkubwa haumo ndani yake, umo mjini. Nenda Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan, uone maduka yaliyojaa kebo za klachi, pleti, ringi, taa, vioo, meno ya cheni, vyote vya Boxer, vya asili na vya kuiga, vya bei ya juu na vya bei ya njaa. Kisha njoo huku kwetu. Kuanzia Dagoretti Corner hadi Kawangware, na ukirudi chini kuelekea Kibra na Toi, hutatembea mbali kabla ya kumkuta fundi amekaa juu ya mkebe, Boxer imelazwa mbele yake, injini imefunguliwa juu ya kipande cha katoni. Hajasomea Boxer popote. Alijifunza kwa kuifungua, na aliyemfundisha alijifunza hivyohivyo. Hicho ni chuo, na hakuna chapa ya Ulaya iliyowahi kuwa na chuo kikubwa hivyo Nairobi, hata enzi za ukoloni.

Nendeni pia kwenye steji msikilize. Mwanaboda naye ana chapa yake aipendayo, na mjadala wake ni mkali kuliko ule wa ndani ya uwanja, kwa kuwa yeye hulipia jibu lake kila siku. Wa Boxer atakwambia inapanda mlima na mzigo bila kulia, na siku ya kuiuza mteja yupo kabla hujamaliza kutangaza. Wa TVS atakwambia HLX inanusa mafuta tu wakati Boxer inayanywa, na kiti chake kinamhurumia mgongo. Yuko wa Honda, daima yuko mmoja, mtulivu, anayesema yake haijawahi kufunguliwa injini tangu ainunue, na wenzake wanamjibu kwamba siku itakapofunguliwa ataijua bei ya speya. Wanataja mafuta, mzigo, speya, bei ya kuuzia. Vipimo vinne, vyote vya kweli. Na msidhani mapenzi hayamo. Mwangalie kijana anavyoipamba Boxer yake, kinga za miguu zilizochomelewa jua kali, kiti kilichoshonwa kwa rangi mbili, karia iliyopakwa rangi, maneno yaliyochorwa kwenye raba ya tope. Kazi hiyo ikifanywa London huitwa sanaa, na hupigwa picha kwa majarida.

Sitaki kuipaka Boxer mafuta isiyoyastahili. Nyingi zake zinasimama kwa breki za ngoma, na barabara ya Ngong iliyopanuliwa siku hizi inaruhusu mwendo ambao breki hizo haziuwezi. Watu wanakufa. Nikiteremka Barabara ya Magadi kutoka Corner Baridi kuelekea Olorgesailie, upepo ukiwa wa joto na bonde limefunguka mbele yangu, pikipiki ninayoitamani chini yangu ni Interceptor, na nitasema hivyo mbele ya mwanaboda yeyote. Anayetafuta raha ya barabara ndefu ana haki ya kuitafuta. Walakini raha hiyo ni ya siku moja katika wiki, na pikipiki ya nchi ni ile ya siku sita.

Kabla ya Boxer, pikipiki za siku sita zilikuwa nyingine, na inaniuma kuona zinavyopotea bila mtu kuinua mkono. Afisa wa kilimo aliyekuja kijijini miaka ya 1980 kuwaonyesha wazazi wetu namna ya kupulizia kahawa alikuja kwa Yamaha au Honda ya serikali. Padri alikuja kwa pikipiki ya misheni. Yamaha AG100, yenye injini ndogo ya mipigo miwili, stendi pande zote mbili na karia mbele na nyuma, iliundwa kwa ajili ya mashamba na ikafika kila pembe ya nchi hii. Chanjo, barua, mitihani, mishahara ya walimu, hivyo vyote vilipanda juu ya karia zile. Leo ukitaka kuiona BSA ya 1955 iliyotunzwa, nitakuelekeza uwanja wa Ngong. Ukitaka kuiona AG100 iliyotunzwa, sijui nikuelekeze wapi. Boxer za mwanzo nazo zinaenda njia hiyo kwa kasi zaidi, kwa kuwa boda hutumiwa mpaka ibaki fremu, na fremu huuzwa kwa kilo.

Makumbusho ya Reli pale mjini yametutunzia vichwa vya garimoshi, na watoto wa shule hupelekwa kuvishika. Ni sawa kabisa. Reli iliijenga Nairobi. Lakini mtu atakayeandika historia ya nchi hii katika miongo miwili ya mwanzo ya karne hii bila kuitaja pikipiki ya boda atakuwa ameandika nusu. Kwa miaka mingi mfululizo pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya zilikuwa nyingi kuliko magari. Zimepeleka wajawazito hospitalini usiku, zimewafungulia vijana waliokosa kazi njia ya kula, na zimetuletea pia misiba na vurugu. Chombo kilichofanya yote hayo kinastahili kuwekwa mahali penye paa kingali kizima, na wanaojua kukitunza ni haohao wenye vitambaa wa uwanja wa Ngong. Ujuzi wao wa kuifanya BSA ya miaka sabini ing'ae ndio unaohitajika. Nawaomba waupanue.

Mbadala wa Boxer umeshajaribiwa, na mmoja uliniingia moyoni. Katikati ya muongo uliopita ilitokea Kibo K150, pikipiki iliyobuniwa kwa kufikiria barabara zetu na kuunganishwa Nairobi, yenye matairi mapana na fremu iliyomkinga mpandaji. Kwa usalama iliiacha Boxer mbali. Bei yake nayo iliiacha Boxer mbali, na mwanaboda anayelipa mkopo wa kila siku hakuweza kuigusa. Ilikuwa pikipiki nzuri, na hesabu ikaishinda.

Ushindani wa kweli umekuja na umeme. Hapa sina budi kukaa kidogo, maana ndipo Boxer itakapopata mrithi au kumkosa. Kampuni ya Roam ilianza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, mradi wa wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, na kazi yao ya mwanzo hapa Nairobi ilikuwa kutoa injini za dizeli katika Land Rover na Land Cruiser kuukuu na kutia mota za umeme. Walianza, yaani, kwa kufungua vyombo vya kale, na hilo liliwapa sifa machoni pangu mapema. Mwaka 2023 walifungua kiwanda kipya Nairobi cha kuunganisha pikipiki yao, Roam Air, yenye nafasi ya betri mbili. Ampersand ilikuja kutoka Rwanda mwaka 2022. Spiro ikafuata. Sasa vituo vya kubadilisha betri vimeota kando ya vituo vya mafuta. Mwanaboda anaingia na betri tupu, anatoka na iliyojaa, na kijana wa kituo hajamaliza hata chai yake.

Hesabu ya umeme haina mjadala. Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 211 na senti 64, na mwezi uliofuata ikapanda tena. Mwaka huohuo mdhibiti wa kawi, EPRA, aliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi yako chini. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna klachi. Mlio hakuna pia, na mwenye Norton atalia, ila mama anayelaza mtoto mchana karibu na steji atashukuru. Nataka pikipiki ya umeme ishinde, na nitafurahi siku moshi wa Barabara ya Ngong utakapobaki kuwa hadithi.

Lakini ipimwe kwa kipimo kilekile. Nani ataifungua? Betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Baadhi ya kampuni haziuzi betri kabisa. Unanunua pikipiki, na betri unaikodi milele, katika vituo vyao, kwa bei watakayopanga wao. Kompyuta inayoendesha mota inazungumza na kampuni, haizungumzi na fundi. Ikikataa kuwaka, yule fundi wa Dagoretti Corner aliyefungua injini zaidi ya mia hawezi hata kuiuliza ina nini, kwa kuwa hana programu, na programu haiuzwi Kirinyaga. Tumeshaonja kidogo hata kwa pikipiki za petroli, ambapo mkopo ukichelewa chombo kinaweza kuzimwa kwa mbali kikiwa chini ya mpandaji wake. Huyo ana chombo, au chombo kina yeye?

Plagi ya NGK unayoinunua duka lolote la Nairobi inaingia katika pikipiki za viwanda vingi vinavyochukiana. Hakuna aliyewaonea. Walikubaliana vipimo, na kila mmoja akashindana kwa ubora wa kazi yake. Hilo ndilo ninalolitaka Shirika la Viwango la Kenya lifanye kwa betri za pikipiki: umbo, soketi na lugha ya mawasiliano viwe vimoja, ili mwanaboda abadilishe betri mahali popote penye foleni fupi na bei nafuu. Kila kampuni inayotaka pikipiki yake isajiliwe hapa iweke wazi kitabu cha matengenezo na kifaa cha kusoma hitilafu, fundi yeyote aweze kukinunua, kama anavyonunua spana. Atakayekopa akimaliza kulipa, uwezo wa kuizima pikipiki yake kwa mbali ufutwe siku hiyohiyo, na ahakikishiwe kwa maandishi. Na breki za diski zenye kuzuia gurudumu kufunga zije na umeme huu, kwa kuwa hapo Boxer ilitupunja na hatuna sababu ya kupunjwa mara ya pili.

Wenye kampuni watasema betri ni hatari kufunguliwa ovyo, na ni kweli. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto usiozimika upesi. Basi wafundisheni mafundi. Mafunzo ya wiki chache katika vyuo vya kiufundi tulivyo navyo, cheti, na haki ya kununua vipuri, ni gharama ndogo kwa kampuni inayotaka kuuza pikipiki makumi ya maelfu kwa mwaka. Honda walipoona fundi wa kijijini ana nyundo na spana mbili walibadilisha injini imfae. Anayekuja kuiondoa Boxer barabarani hawezi kutuletea heshima pungufu ya ile.

Na lifanyike sasa, pikipiki za umeme zikiwa bado chache kati ya hizi zaidi ya milioni moja za petroli. Kila mwezi unaopita kampuni zinajenga vituo zaidi, kila moja kwa soketi yake. Zikishamwaga fedha za kutosha, hakuna waziri atakayeweza kuziambia ziving'oe, na mwanaboda atakuwa amefungwa kwa chapa ambayo hakuichagua kwa mafuta, mzigo, speya wala bei ya kuuzia, vile vipimo vinne ambavyo steji zetu zimevitumia kwa haki miaka yote hii.